Kache kwa mistari inayoandikwa kila dakika: mwongozo kamili, kwa mfano wa tiketi za boti Lamu

Kwa mara ya tano au ya sita sasa, kijana ananijia barazani Langoni na kompyuta mkononi, na malalamiko ni yale yale: "Nimeweka kache, lakini mfumo umezidi kuwa mzito, na nafasi zinazoonekana si za kweli." Nikifungua msimbo wake nakuta kosa lile lile. Mstari mzima wa jedwali umewekwa kwenye kache, na ndani ya mstari huo mna namba moja inayobadilika kila tiketi ikiuzwa.

Mwongozo huu ni wa kosa hilo tu. Utakuonyesha namna ya kulipima, kulitibu na kuhakikisha limepona. Mfano wetu ni mfumo mdogo wa tiketi za boti: Lamu kwenda Mokowe, na Lamu kwenda Mtangawanda, Faza na Kizingitini. Kama wewe unauza vyumba vya wageni Shela au dawa dukani, badilisha majina tu.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema *mstari* nakusudia rekodi moja ya jedwali: safari moja, mteja mmoja. *Safu* ni ile inayosimama wima: nauli, saa, jina la boti. *Kache* ni nakala ya data iliyowekwa mahali pa kusomeka haraka, nje ya hifadhidata. Data ikikutwa kwenye kache, hapo tumepata. Isipokutwa, tumekosa, na lazima turudi kwenye hifadhidata.

Ukitaka picha, fikiria daftari la karani wa boti na ubao uliotundikwa nje ya kibanda chake. Daftari ndilo hifadhidata na ubao ndio kache. Abiria husoma ubao ili karani asisumbuliwe. Sasa fikiria kila tiketi ikiuzwa lazima mtoto akimbie nje na kitambaa afute ubao wote, pamoja na jina la boti, nauli na saa ya kuondoka, kwa sababu tu nafasi zilizobaki zimetoka tisa zikawa nane. Abiria anayefuata anakuta ubao mtupu, anaingia ndani kuuliza, na karani anatoka kuuandika upya. Asubuhi yenye watu wengi, karani huyo atafanya kazi nyingi kuliko kama ubao usingekuwapo kabisa.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Hifadhidata ya MySQL 8 au PostgreSQL. Amri nyingi hapa ni za MySQL, na za PostgreSQL nitazitaja panapohitajika.
- Redis, ambayo ndiyo kache yetu ya nje, pamoja na programu yake ya amri, `redis-cli`.
- Ruhusa ya kusoma takwimu za ndani za hifadhidata, si za jedwali lako pekee.
- Madirisha mawili ya terminali yaliyo wazi kwa pamoja. Utayahitaji katika hatua ya 6 na ya mwisho.
- Nakala ya mfumo ya kujaribia. Usifanye haya kwenye mfumo unaouza tiketi, hasa siku za Maulidi mji ukiwa umejaa wageni.
- Karatasi na kalamu. Hesabu ya hatua ya 3 huingia akilini vizuri zaidi ukiiandika kwa mkono.

Tahadhari moja mapema. Miongozo ya zamani itakuambia uwashe kache ya maswali ya MySQL kwa kuweka `query_cache_size`. Kache hiyo iliondolewa katika MySQL 8.0, na ukiacha mpangilio huo kwenye faili la usanidi, seva haitawaka. MariaDB bado inayo, ila huja ikiwa imezimwa. Tatizo lake lilikuwa hili hili letu, tena kwa ukubwa zaidi: mtu akiandika mstari mmoja, majibu yote yaliyohifadhiwa ya jedwali zima yalitupwa.

## Hatua ya 1: Hesabu nani anasoma na nani anaandika

Usikisie. Karibu kila anayenijia huniambia "watu wanasoma zaidi kuliko kununua", na mara nyingi ni kweli kwa jedwali zima lakini si kweli kwa mstari wa safari inayokaribia kuondoka.

Pata picha ya jumla kwanza:

```
SELECT table_name, rows_fetched, rows_updated
FROM sys.schema_table_statistics
WHERE table_schema = 'boti';
```

Kwenye PostgreSQL angalia `pg_stat_user_tables`. Safu ya `n_tup_upd` itakuonyesha mistari mingapi imebadilishwa.

Halafu ongeza vihesabio viwili ndani ya programu yako: kimoja kiongezeke kila mstari wa safari unaposomwa, kingine kila unapoandikwa. Viweke kwa kila safari, na viache vifanye kazi siku moja yenye shughuli.

Andika pia ni safu ipi inabadilika. Hapa ndipo mambo hufunguka. Katika jedwali letu la `safari` mna jina la boti, nahodha, njia, uwezo, nauli, saa ya kuondoka na nafasi zilizobaki. Jina la boti halibadiliki mwaka mzima. Nauli hubadilika mara chache. Saa ya kuondoka kwenda Faza hufuata maji, kwa sababu boti zinazopita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, hungoja maji yajae, na maji husogea kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa hiyo saa huandikwa mara moja kwa siku. Nafasi zilizobaki huandikwa kila tiketi ikiuzwa au ikirudishwa.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi yenye namba mbili kwa kila safari, na jina la safu moja au mbili zinazobeba karibu maandishi yote.

## Hatua ya 2: Angalia kama hifadhidata haijakufanyia kazi hiyo tayari

Hifadhidata ina kache yake ya ndani. MySQL, kupitia InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, huweka kurasa za data kwenye kumbukumbu (RAM), kila ukurasa kilobaiti 16, na nafasi yake ya kuanzia ni megabaiti 128 kama hujaigusa. PostgreSQL hutumia kurasa za kilobaiti 8, na `shared_buffers` yake nayo huanzia megabaiti 128.

```
SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Innodb_buffer_pool_read%';
```

`Innodb_buffer_pool_read_requests` ni maombi yote ya kusoma. `Innodb_buffer_pool_reads` ni yale yaliyolazimika kwenda diski. Ikiwa la pili ni dogo mno likilinganishwa na la kwanza, data yako tayari inasomwa kutoka kwenye kumbukumbu. Mfumo wa boti kumi unaweza kutosha wote ndani ya megabaiti hizo 128 na nafasi ikabaki.

Shika tofauti hii, kwa sababu mwongozo wote umejengwa juu yake. Hifadhidata ikiandika mstari, haitupi ukurasa wake. Inaubadilisha pale pale kwenye kumbukumbu, inaandika kwenye batli yake (daftari la mabadiliko, *log*) ili umeme ukikatika data isipotee, na ukurasa wenyewe unapelekwa diski baadaye. Mstari unaoandikwa kila dakika kwa hiyo uko kwenye kumbukumbu muda wote. Kache ya nje, kama tunavyoitumia wengi, hufanya kinyume: kila andiko hutupa nakala. Cassandra nayo, hifadhidata nyingine yenye kache ya mistari iliyojengwa ndani, huifuta nakala pale data yake inapoandikwa, na kache hiyo huja ikiwa imezimwa.

Kwa hiyo mstari unaoandikwa sana ndio unaofaidika na Redis yako kwa uchache kuliko mistari yote.

Onyo. Kama kusoma kwako ni kuzito kwa sababu faharasa (*index*, orodha inayoisaidia hifadhidata kufika kwenye mstari bila kupekua jedwali zima) haipo, kache itakuficha ugonjwa. Pitisha swali lako kwenye `EXPLAIN`, amri inayoonyesha hifadhidata inavyolitafuta jibu, kwanza. Nimeona mtu akijenga kache ya wiki mbili juu ya jedwali lililokosa faharasa moja.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya kupata na kukosa

Chukua karatasi. Kama kila andiko linafuta nakala, basi kusoma kunapata tu pale tukio lililotangulia lilikuwa ni kusoma pia. Likitangulia andiko, tunakosa. Kusoma na kuandika kukija kwa kuchanganyika bila mpangilio, kiwango cha kupata ni:

kusoma ÷ (kusoma + kuandika)

Kusoma tisa kwa andiko moja: asilimia 90. Kusoma tatu kwa andiko moja: asilimia 75. Kusoma moja kwa andiko moja: asilimia 50. Kusoma moja kwa maandishi matatu: asilimia 25. Huwezi kuipita namba hii kwa kununua seva kubwa au kwa kuongeza muda wa nakala kuishi. Hapa ndipo watu wengi hupoteza siku zao: wanaongeza muda kutoka dakika tano hadi saa nzima na hakuna kinachobadilika, kwa sababu nakala haifi kwa uzee. Inauawa na andiko.

Sasa gharama. Tuseme kuuliza kache ni nusu milisekunde, kusoma hifadhidata ni milisekunde 2, na kuweka au kufuta nakala ni nusu milisekunde. Hizi ni namba za mfano. Zako zipime, na `redis-cli --latency` itakupa ile ya kache.

Bila kache, kila kusoma ni milisekunde 2. Ukiwa na kache, kila kusoma hulipa nusu ya kuuliza, kila kukosa huongeza 2 za hifadhidata na nusu ya kuweka nakala, na kila andiko huongeza nusu ya kufuta.

- Kusoma 9, kuandika 1: bila kache 18, na kache 7.25. Faida kubwa.
- Kusoma 3, kuandika 1: bila kache 6, na kache 3.875. Faida ipo.
- Kusoma 1, kuandika 1: bila kache 2, na kache 2.25. Hasara.
- Kusoma 1, kuandika 3: bila kache 2, na kache 3.875. Karibu mara mbili.

Safari ya saa tatu asubuhi inapobaki nusu saa iondoke, mstari wake huenda ukawa kwenye kundi la tatu au la nne. Hiyo ndiyo saa ambayo kijana wangu anaona mfumo "umezidi kuwa mzito", na kwa hesabu hii ana haki kuona hivyo.

Kuna hali inayopunguza makali: maandishi yakija kwa kundi, tuseme karani anaingiza tiketi kumi mfululizo za familia moja bila mtu kusoma katikati, kusoma kunakofuata kutakosa mara moja tu. Kwa hiyo fomula ni makadirio, si hukumu. Lakini kama inakupa chini ya asilimia 60, usiukache mstari huo ulivyo. Nenda hatua ya 4.

## Hatua ya 4: Gawa mstari

Kama ungefuata hatua moja tu ya mwongozo huu, ningekuomba iwe hii. Tenganisha kinachotulia na kinachochemka.

```
CREATE TABLE nafasi (
  safari_id INT PRIMARY KEY,
  zilizobaki INT NOT NULL,
  CHECK (zilizobaki >= 0)
);
```

Jedwali la `safari` linabaki na jina la boti, nahodha, njia, uwezo, nauli na saa. Jedwali la `nafasi` linabeba namba moja tu inayokimbia. Hiyo `CHECK` ni ukuta wa mwisho: hata msimbo ukikosea, nafasi haziwezi kushuka chini ya sifuri. MySQL huiheshimu kuanzia toleo la 8.0.16, kabla ya hapo iliipokea na kuipuuza, kwa hiyo hakikisha toleo lako.

Hamisha data mauzo yakiwa yamesimamishwa:

```
INSERT INTO nafasi (safari_id, zilizobaki)
SELECT id, nafasi_zilizobaki FROM safari;
```

Usiifute ile safu ya zamani siku hiyo hiyo. Ibadilishe jina kwanza. Sehemu yoyote ya msimbo inayoitegemea bado italia kwa sauti, nawe utaiona kabla ya abiria kuiona.

Faida yake ni hii: mstari wa `safari` sasa unaandikwa mara moja au mbili kwa siku, huku ukisomwa kila anayefungua ukurasa. Kiwango chake cha kupata kinaruka juu bila kugusa Redis hata kidogo. Kwenye PostgreSQL kuna faida ya pili, kwani kila `UPDATE` huandika toleo jipya la mstari mzima. Mstari mfupi wa namba mbili ni mzigo mwepesi kuliko mrefu wenye maelezo yote ya boti.

Onyo. Angalia maktaba unayotumia kuunganisha programu na hifadhidata. Baadhi, ukiita "hifadhi", huandika mstari mzima hata kama umebadilisha safu moja, na nyingine hugusa mstari mzazi ili kusasisha saa ya badiliko la mwisho. Ikiwa kuuza tiketi bado kunagusa `safari` kwa njia hiyo, umegawa jedwali bure. Fungua batli ya maswali, uza tiketi moja, usome kila `UPDATE` iliyopita.

Utajua umefaulu ukiuza tiketi moja na kuona `UPDATE nafasi` peke yake, bila `UPDATE safari`.

## Hatua ya 5: Soma kupitia kache

Hapa ni pepesi:

```
soma_safari(id):
  x = kache.pata("safari:" + id)
  kama x ipo: rudisha x
  x = hifadhidata.soma(id)
  kache.weka("safari:" + id, x, sekunde 600)
  rudisha x
```

Nafasi zilizobaki zisome moja kwa moja kutoka hifadhidata kwa ufunguo mkuu (*primary key*), yaani `safari_id`. Kama ukurasa unaonyesha safari thelathini, zisome zote kwa swali moja lenye `IN (...)`, usiulize mara thelathini.

Daima weka muda wa kuishi, hata kama unafuta nakala kwa mkono. Muda huo ni bima yako pale ufutaji utakaposhindikana, na siku moja utashindikana.

## Hatua ya 6: Andika kwa mpangilio huu, usiupindue

Kwanza andika hifadhidata. Pili, kamilisha muamala (*transaction*: badiliko ambalo wengine hawalioni mpaka likamilishwe). Tatu, futa ufunguo kwenye kache. Sababu ya mpangilio inaonekana ukiutazama kwa karibu.

Tuseme saa ya boti ya Faza inabadilishwa kutoka saa nne kwenda saa tano kasorobo, na programu inafuta nakala *kabla* ya kukamilisha muamala:

1. Karani wa Lamu anaanza muamala, anaandika saa tano kasorobo.
2. Programu inafuta `safari:412`.
3. Abiria aliye Mokowe anafungua ukurasa. Kache imekosa. Hifadhidata inampa saa nne, kwa sababu muamala wa Lamu haujakamilika.
4. Programu inaweka "saa nne" kwenye kache, kwa dakika kumi.
5. Muamala wa Lamu unakamilika.

Kwa dakika kumi zijazo kila anayesoma anaona saa isiyo sahihi, na hakuna kosa lolote kwenye batli. Jaribu mwenyewe: dirisha moja liwe na muamala ulioachwa wazi, jingine lisome. Ukiliona kwa macho yako hutalisahau.

Kosa la pili ni *kuweka* thamani mpya kwenye kache badala ya kufuta. Waandishi wawili wakikutana, wa kwanza kumaliza kwenye hifadhidata anaweza kuwa wa mwisho kufika kwenye kache, na thamani yake ya zamani ikakaa juu. Kufuta hakuna tatizo hilo. Ukifuta mara mbili, kimefutika.

Hata mpangilio sahihi una ufa mwembamba: aliyekosa kabla ya andiko, akasoma thamani ya zamani, kisha mtandao ukamchelewesha, anaweza kuirudisha baada yako kufuta. Kwa saa ya kuondoka mimi hufuta tena baada ya sekunde mbili. Na kama una hifadhidata nakala inayofuata ile kuu kwa nyuma, jaza kache kutoka ile kuu. Vinginevyo utafuta la zamani na kulirudisha la zamani.

### Kuuza nafasi ni jambo jingine kabisa

Usiuze kwa kutazama kache. Uza hivi:

```
UPDATE nafasi SET zilizobaki = zilizobaki - 1
WHERE safari_id = 412 AND zilizobaki > 0;
```

Kisha uliza ni mistari mingapi imebadilika. Ikiwa mmoja, tiketi imeuzwa. Ikiwa sifuri, boti imejaa, na mwambie mteja hivyo kabla hajalipa. Hifadhidata hufunga mstari huo kwa mnunuzi mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo wawili hawawezi kuchukua nafasi ile ile ya mwisho.

Ninalisisitiza kwa sababu nililishuhudia. Mfumo mmoja niliousaidia kuujenga ulisoma nafasi kutoka kwenye kache, ukatoa moja, ukaandika jibu. Asubuhi ya Ijumaa watu wawili walisimama jetini na tiketi zilizolipiwa huku boti ikiwa imejaa. Mmoja alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, anawahi basi la Mombasa kule Mokowe. Nahodha alikataa kumzidisha mtu, na alikuwa na haki. Majaketi ya uokozi yalilingana na viti. Mama alikosa basi. Mimi ndiye niliyeandika mstari ule wa msimbo, na tangu siku hiyo sijaruhusu kache iamue nani anapanda boti.

## Hatua ya 7: Kama ni lazima nafasi ziwe kwenye kache

Wakati mwingine watazamaji ni wengi mno. Tangazo limesambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na mamia wanaangalia ukurasa ule ule kwa pamoja. Hapo unaweza kuziweka nafasi kwenye kache, lakini badilisha mbinu: weka muda wa kuishi wa sekunde 5, na *usifute* tiketi ikiuzwa.

```
SET nafasi:412 8 EX 5
```

Inaonekana kama uzembe, lakini fuata hesabu. Kwa kufuta, kila andiko huzaa kukosa, na mauzo yakiongezeka kache hudhoofika. Kwa muda mfupi pekee, hifadhidata husomwa takriban mara 12 kwa dakika kwa kila safari, wawe watazamaji kumi au elfu, ziuzwe tiketi mbili au mia. Maandishi hayana tena nguvu ya kuivunja kache yako. Unacholipa ni namba iliyochelewa kwa sekunde zisizozidi tano, nayo haimdhuru mtu kwa sababu uuzaji unapita kwenye `UPDATE` ya hatua ya 6. Kwenye ukurasa andika "zimebaki takriban 8". Watu wanaelewa.

Nakala ikiisha muda, watu mia wanaweza kukosa kwa pamoja na kuikimbilia hifadhidata. Mpe mmoja kufuli:

```
SET kufuli:nafasi:412 1 NX EX 3
```

`NX` huweka ufunguo pale tu usipokuwapo, kwa hiyo mmoja tu hufaulu. Aliyepata kufuli anasoma hifadhidata na kujaza. Wengine wangoje milisekunde hamsini na waulize kache tena.

## Hatua ya 8: Namba zinazoweza kupotea

Ukifuatilia boti ilipo kila sekunde kumi, usiandike kila alama kwenye hifadhidata. Iweke Redis, kisha kila dakika hamisha ya mwisho kwenye jedwali. Maandishi sita yanakuwa moja.

Fahamu unachohatarisha: Redis kwa mpangilio wake wa awali haiandiki kila badiliko diski, hupiga picha ya data mara kwa mara. Umeme ukikatika unapoteza kila kilichokuja baada ya picha ya mwisho. Alama ya boti ikipotea, nyingine itakuja. Fedha na viti haviingii katika njia hii hata siku moja.

Na wekea Redis kikomo cha kumbukumbu, `maxmemory`, pamoja na `maxmemory-policy allkeys-lru`, inayofukuza nakala ambazo hazijatumika kwa muda mrefu. Sera ya awali ni `noeviction`: kumbukumbu ikijaa, kila jaribio la kuweka nakala linarudi na kosa. Lakini kwa alama za boti, ambazo hutaki zifukuzwe kabla ya kuhamishwa, tumia Redis nyingine ndogo iliyo peke yake.

## Hatua ya 9: Pima, kisha jaribu kuuvunja

Futa takwimu za zamani, acha mfumo wa majaribio ufanye kazi kama siku ya kweli, kisha soma:

```
redis-cli CONFIG RESETSTAT
redis-cli INFO stats | grep keyspace
```

Gawa `keyspace_hits` kwa jumla yake na `keyspace_misses`. Namba hii huchanganya funguo zote, kwa hiyo vile vihesabio vya hatua ya 1 bado vina kazi: hesabu kupata kwa `safari` na kwa `nafasi` kila moja peke yake. Kwa `safari` iliyogawanywa, tarajia zaidi ya asilimia 90 muda wote wa mauzo. Ukiona inashuka saa ile ile tiketi zinapouzwa sana, kuna `UPDATE safari` iliyojificha. Rudi kwenye onyo la hatua ya 4.

Kisha jaribio la viti. Tengeneza safari yenye nafasi 20. Andika programu fupi inayotuma maombi 50 ya kununua kwa wakati mmoja, kutoka madirisha mawili, 25 kila moja. Rudia mara kumi, ukirudisha nafasi 20 kila mara.

Kila mara unatakiwa kuona tiketi 20 kamili, waliokataliwa 30, na `zilizobaki` ikiwa sifuri. Ukiona tiketi 21 hata mara moja kati ya kumi, usihamishe chochote kwenye mfumo wa kweli. Tafuta kwenye msimbo mahali palipoandikwa `SET zilizobaki =` ikifuatwa na namba iliyotoka kwenye programu badala ya `zilizobaki - 1`. Mara nyingi huwa kwenye sehemu ya kurudisha tiketi, ambayo watu husahau kuirekebisha. Irekebishe, halafu anza tena zile mara kumi kutoka mwanzo.